Nani anajua jongoo huyu ni yupi? Kazi ya mhifadhi wa makumbusho, ile ya chupa na lebo

Kila ikitoka habari ya watu kukamatwa na magunia ya jongoo bahari waliokaushwa (wale wanyama laini warefu wa baharini wanaouzwa nje) mazungumzo huwa yale yale, mmoja anasema jongoo ni jongoo tu mnawaonea wavuvi, mwingine anauliza kwanini aina hii ina masharti na ile haina, alafu anatokea wa tatu anauliza hivi nani huyo anayeweza kutazama kitu cheusi kilichochemshwa kikakaushwa kikasinyaa akasema kwa uhakika hii ni aina fulani. Swali la tatu ndo kubwa kuliko yote na ndo linalopita bila jibu. Ukilifuatilia linakufikisha kwa mtu ambaye wengi wetu hatujawahi hata kumsikia, mhifadhi wa makumbusho anayeshughulika na wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Ni kazi ninayoiheshimu sana, inaeleweka vibaya, na sisi watu wa pwani inatugusa moja kwa moja, kwahiyo tuifungue taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Wanyama wasio na uti wa mgongo ni wale ambao hawana ule mfupa wa mgongoni tulio nao sisi, samaki, kasa na pomboo. Baharini hao ndo wengi: kaa, kamba, kambakoche, pweza, ngisi, konokono, chaza, matumbawe (ndio, matumbawe ni wanyama), konyeza, kiti cha pweza, jongoo bahari, sponji, na minyoo ya kila rangi inayoishi kwenye tope la mikoko. Ukichukua wanyama wote wanaojulikana duniani, wa nchi kavu na wa majini, zaidi ya asilimia 95 ya spishi hawana uti wa mgongo. Spishi ni aina moja ya mnyama, inazaana yenyewe kwa yenyewe na ina jina la kisayansi la maneno mawili, mfano Holothuria scabra ambaye pwani tunamwita jongoo mchanga. Sampuli ni mnyama mwenyewe au kipande chake, kimehifadhiwa pamoja na taarifa za wapi na lini kilipatikana. Na mhifadhi, wengine wanasema kyureta, ni mtaalamu mwenye dhamana ya sampuli hizo: zisiharibike, ijulikane ni za spishi gani, na anayezihitaji popote alipo aweze kuzifikia.

Watu wengi wakisikia mhifadhi wa makumbusho wanamfikiria yule anayewatembeza wanafunzi na kuwaeleza historia, au mlinzi anayekataza kugusa vioo. Hao wapo na wana kazi yao, ila sio huyu. Huyu mgeni wa kawaida hamuoni, yuko nyuma kule ambako hakuna kiingilio, na huko nyuma ndo kwenye makumbusho yenyewe, kinachowekwa mbele kwenye vioo ni sehemu ndogo mno. Pale Natural History Museum ya London kuna jengo la Darwin Centre, sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2002, limejengwa kwa ajili ya wanyama wanaotunzwa kwenye vimiminika, kuna sampuli milioni 22 kwenye rafu ambazo ukizipanga mstari mmoja zinafika kilomita 27. Humo yumo ngisi mkubwa waliyempa jina Archie, ana mita 8.62, wavuvi walimnasa karibu na visiwa vya Falkland mwaka 2004. Archie ndo anayepigwa picha. Majirani zake ni vichupa vidogo vyenye minyoo ya milimita chache, ambavyo vinaweza kukaa miaka 40 bila mtu kuvigusa, na siku akitokea anayevihitaji hakuna kitu kingine duniani kinachoweza kumjibu.

Kazi inaanzia majini, wakati wa bamvua maji yakipwa sana miamba ikabaki wazi, au kwa kupiga mbizi, au kwenye meli inayoburuta wavu kwenye kina kirefu. Ukishampata mnyama huwezi kumtumbukiza tu kwenye spiriti. Wanyama hawa wakishtuka wanajiharibu, anemoni (yule mnyama anayefanana na ua) anajifungia ndani anakuwa donge, wale jamaa wa kiti cha pweza wenye mikono myembamba wanaikata mikono yao wenyewe, jongoo anatema utumbo wote nje. Kwahiyo kwanza wanalazwa pole pole kwa baridi au kwa maji yenye chumvi ya magnesi mpaka watulie wakiwa wamenyooka, alafu ndo wanahifadhiwa, na hapo kila uamuzi una gharama yake. Fomalini, dawa ya kuhifadhia miili, inatunza umbo vizuri sana lakini inaharibu DNA, na ikiwa na asidi inayeyusha chokaa, sasa jongoo bahari anatambuliwa kwa vipande vidogo vidogo vya chokaa vilivyomo kwenye ngozi yake, ukimwacha kwenye fomalini mbaya umebaki na mfuko wa nyama usio na kitambulisho. Ethanoli, yaani hiyo spiriti, ya asilimia 95 inatunza DNA ila inakakamaza mwili, ya asilimia 70 ndo inayofaa kukaa nayo miaka mingi. Mhifadhi mzuri anajua mapema sampuli hii itaulizwa nini baadaye, anakata kipande cha msuli anakiweka kwenye ethanoli kali kwa ajili ya DNA, na mwili uliobaki anautunza kwa njia inayomfaa mnyama huyo.

Alafu kuna lebo, na lebo ndo roho ya sampuli. Kaa mzima mzuri asiye na lebo ni pambo, mguu mmoja wa kaa wenye lebo kamili ni ushahidi. Inaandikwa kwa penseli au wino wa kudumu kwenye karatasi ya pamba na inaingia NDANI ya chupa pamoja na mnyama, maana ukiibandika nje gundi inaachia, na wino wa biki ukikutana na spiriti unafutika. Mahali, vipimo vya GPS, kina, tarehe, nani alikusanya, namba ya rejista. Na rangi yake akiwa hai inaandikwa au inapigwa picha, kwa sababu spiriti inafuta rangi, wale konokono wa bahari wasio na gamba ambao wana zambarau na njano ya kupendeza baada ya muda wanakuwa weupe wote. Baada ya hapo ni kutunza bila mwisho. Spiriti inavukiza hata kifuniko kikiwa kizuri, inabidi kuongezwa, chupa ikikauka mnyama ameenda. Na ukiwa na ghala limejaa spiriti unaishi na hofu ya moto kila siku. Septemba 2018 makumbusho ya taifa ya Brazil pale Rio de Janeiro iliungua usiku, na kuna wafanyakazi waliingia jengo linawaka wakawa wanatoa sampuli za makombe na konokono, zile zinazobeba majina ya spishi.

Kwanini mtu mzima mwenye akili zake na familia yake aingie kwenye moto kwa ajili ya makombe? Hapa ndo penye kiini cha mambo. Mtaalamu akigundua spishi mpya haitoshi kuieleza na kuichora, anatakiwa ateue sampuli moja ambayo ndo itabeba jina, inaitwa holotaipu, na aseme imewekwa makumbusho gani. Chukua jiwe la kilo la muuza duka: likitiliwa shaka hamkai kubishana kwa maneno, linapelekwa Wakala wa Vipimo linapimwa na jiwe la rejea, basi. Holotaipu ndo jiwe la rejea la jina. Maelezo yaliyoandikwa zamani yanaweza kuwa mistari mitano ya Kilatini na mchoro wake unaweza kuwa mbovu, lakini mwili upo, unaufungua unauangalia upya kwa vifaa ambavyo aliyeuandika hakuwa navyo. Ukiungua, jina linabaki linaelea.

Na majina yanayoelea yapo, tena ya wanyama tunaowala. Yule kaa mkubwa wa mikoko anayefugwa kwenye vizimba Tanga, Zanzibar na Kilifi anaitwa Scylla serrata, jina alilopewa na Peter Forsskål aliyekuwa kwenye msafara wa Wadenmark uliokwenda Misri na Uarabuni, akafia Yemen kwa malaria mwaka 1763, maandishi yake yakaja kuchapishwa 1775 na mwenzake aliyerudi hai, Carsten Niebuhr. Baada ya hapo kwa zaidi ya miaka 200 wataalamu wakawa wanavutana, hawa kaa wa mikoko kuanzia kwetu mpaka Australia ni spishi moja au ni kadhaa? Na huwezi kulijibu hilo mpaka ujue kaa wa Forsskål alikuwa yupi, wakati sampuli yake haikuwepo tena. Mwaka 1998 Clive Keenan, Peter Davie na David Mann ndo walilimaliza, na huyo Davie alikuwa mhifadhi wa kaa na jamii zao kwenye Queensland Museum, Australia. Walilinganisha miili, wakapima vinasaba, wakateua sampuli mpya kutoka Bahari ya Shamu iwe rejea badala ya ile iliyopotea, wakathibitisha kwamba spishi ziko nne. Wa kwetu huku ndo serrata. Kwa mfugaji hilo ni suala la pesa, maana akisoma mwongozo wa ufugaji wa kaa kutoka Vietnam kuna uwezekano mkubwa anasoma habari za spishi nyingine kabisa, yenye ukubwa wake na mahitaji yake.

Sasa turudi kwa jongoo, maana yeye ndo anaonyesha haya yote yanafikaje mpaka bandarini. Wale ghali ambao wavuvi wetu wanawaita pauni, kuna pauni nyeusi na pauni nyeupe. Pauni nyeusi, Holothuria nobilis, alipewa jina na Emil Selenka mwaka 1867. Miaka 20 baadaye, 1887, Jeffrey Bell wa British Museum akaielezea nyingine ya Pasifiki akaiita whitmaei, ila baadaye watu wakaona ni mnyama yule yule wakazichanganya, kwa miaka mingi jongoo mweusi wa Bahari ya Hindi na wa Pasifiki wakahesabiwa spishi moja. Mwaka 2004 utafiti wa DNA pamoja na kuangalia upya miili ukaonyesha ni wawili tofauti, na jina la Bell likafufuliwa, lilikuwepo miaka yote hiyo linasubiri. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zikakubaliana kuwaweka pauni watatu (hao weusi wawili na yule mweupe) kwenye Kiambatisho cha Pili, ikaanza kutumika Agosti 2020, maana yake biashara ya kimataifa inaruhusiwa kwa kibali kinachoonyesha kwamba uvunaji hauwamalizi. Wawili kati ya hao watatu wako kwetu. Sasa ofisa amesimama na gunia, jongoo wamechemshwa, wamekauka, rangi zote zimekuwa moja, atawajuaje?

Anakata kipande kidogo cha ngozi anakiweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, hii hii ya klorini tunayofulia mashati meupe. Nyama inayeyuka, chokaa inabaki. Anaisafisha kwa maji anaiweka chini ya hadubini, na hapo kuna maumbo madogo, mengine yana umbo la vifungo, mengine meza, mengine fimbo, na mchanganyiko wake unamwelekeza kwenye spishi. Kuchemshwa na kukaushwa hakujayaondoa. Lakini maumbo hayo hayana maana yoyote kama hakuna mahali palipotunzwa jongoo ambaye jina lake halina shaka, mtu akachukua ngozi yake akachora vifungo vyake akasema hivi ndo vilivyo. Mnyororo wote wa sheria, vibali na faini umening'inia kwenye chupa fulani iliyoko kwenye rafu fulani na mtu anayeijaza spiriti.

Najua hapa kuna watakaosema mambo hayo ya kizamani, siku hizi si kuna DNA, si kuna app unapiga picha inakwambia. DNA imesaidia sana, hilo halina ubishi, na mhifadhi wa leo anaitumia kila siku. Ila DNA inakupa herufi tu, haikupi jina. Unalinganisha herufi zako na zilizoko kwenye hifadhidata, na zile za kwenye hifadhidata ziliwekwa na mtu aliyesema hii ni ya spishi fulani, kama alikosea jina basi kosa linasambaa kwa kila anayelinganisha, na njia ya uhakika ya kulikamata ni kurudi kwenye mwili uliotoa ile DNA, kama ulitunzwa. Tena ile sehemu ya vinasaba inayotumika sana kutambulisha wanyama kwa matumbawe haifanyi kazi vizuri, inabadilika taratibu mno kiasi kwamba spishi tofauti zinatoa jibu moja. Picha nazo zinasaidia kwa wanyama wakubwa wenye alama za wazi, lakini mnyoo anayetofautishwa na ndugu yake kwa umbo la nywele za miguuni simu haitamwona. Na app yenyewe imefundishwa kwa picha ambazo kuna mtu alizipa majina.

Wengine wanaamini kila kitu kimeshagunduliwa. Rejista ya dunia ya spishi za baharini, inaitwa WoRMS na inaendeshwa kutoka Ubelgiji, ina spishi takriban 240,000 zinazokubalika, na kila mwaka zinaongezeka kama 2,000, wengi wao hawana uti wa mgongo. Mara nyingi mnyama "mpya" hakutolewa baharini juzi, ametolewa kwenye rafu, alikusanywa na babu wa mtu akawekwa kwenye chupa yenye lebo ya jumla, akakaa hapo mpaka akapatikana mtu mwenye utaalamu wa kundi lake. Ndo maana kundi likikosa mtaalamu ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani, wanyama wapo, chupa zipo, anayeweza kuwasoma hayupo.

Kuna pia wanaouliza kwa uchungu kwanini muwaue, na hilo ni swali la haki. Kinachochukuliwa ni wachache, kwa kibali, ukilinganisha na wavu mmoja wa kukokota unaopita juu ya nyasi za bahari hakuna uwiano kabisa. Na sampuli moja iliyotunzwa vizuri inasomwa na watu kwa miaka 150, kila kizazi kinauliza swali jipya bila kurudi kuua mwingine. Kaa aliyekusanywa kabla ya viwanda anaweza leo kutuambia maji yalikuwaje wakati huo, na aliyemweka hakuwa na wazo hilo kichwani.

Maisha ya mtu wa kazi hii yanakuwaje? Ninayemtazama siku zote ni Mary Jane Rathbun wa Marekani, maana kwake unaiona kazi ikiwa uchi. Alizaliwa Buffalo, New York, mwaka 1860, chuo kikuu hakusoma. Kaka yake Richard alikuwa mwanasayansi wa tume ya uvuvi, na mwaka 1881 Mary akaenda naye Woods Hole pale pwani ya Massachusetts, akawa anasaidia kupanga sampuli na kuandika lebo bila malipo, akanogewa. Mwaka 1884 tume ikamwajiri ukarani, miaka miwili baadaye akahamia makumbusho ya taifa chini ya Smithsonian, Washington, cheo cha kunakili maandishi. Idara ya kaa na kamba ilikuwa karibu haina mtu, akaanza kuipanga, rejista, kadi, chupa, barua za wataalamu wa nje wanaoomba kuazima sampuli, na katikati ya kupanga akawa anajifunza kutazama. Alikuja kuiongoza idara ile. Spishi na spishi ndogo mpya alizozieleza ni 1,147, na mojawapo ni Callinectes sapidus, kaa wa bluu wa ghuba ya Chesapeake, aliyempa jina mwaka 1896. Huyo ndo yule aliyevamia Mediterania na mwaka 2023 akawamalizia wafugaji wa makombe wa Italia mazao yao kwenye delta ya mto Po. Hasara hiyo ilipotokea, kazi ya jina ilikuwa imeshafanyika zaidi ya miaka 100 kabla.

Mwaka 1914 Rathbun alihitaji msaidizi na makumbusho haikuwa na fungu. Alichofanya akajiuzulu mshahara wake ili pesa hiyo imwajiri kijana Waldo Schmitt, yeye akaendelea kuja kazini bila malipo kwa zaidi ya miaka 20. Shahada ya udaktari alipata 1917 kutoka George Washington University, wakati huo ana miaka 57 na dunia nzima ya wataalamu wa kaa inamtegemea. Schmitt naye akaja kuwa mkubwa kwenye fani, mpaka mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt akamchukua kwenye safari yake ya meli ya kivita akawa anakusanya wanyama kila walipotia nanga. Siwezi kusema kila mtu aache mshahara, na taasisi inayomfikisha mtu hapo kuna mahali imekosea. Lakini inaonyesha aliona nini: kwamba yeye akiondoka bila mrithi, chupa zote zile zinabaki bila msomaji.

Jambo lingine kwa Rathbun, mwaka 1921 alichapisha kazi kubwa kuhusu kaa wa Kongo, waliokusanywa na msafara wa American Museum ya New York wa 1909 mpaka 1915. Kaa walitoka Kongo, jina likatolewa Washington. Na huo ndo mtindo uliotufikia hata sisi. Miaka ya 1860, enzi za wafanyabiashara wa Salem, Marekani, na vitambaa vya merikani na pembe za ndovu, Caleb Cooke alikuwa Zanzibar anakusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Harvard. Mwaka 1888 akaja Mjerumani Franz Stuhlmann. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland akakusanya Zanzibar na pwani ya Kenya, na matokeo yakachapishwa London, makala baada ya makala. Hata Sir Charles Eliot, yule kamishna wa Kiingereza aliyefungulia walowezi nyanda za juu za Kenya, alikuwa bingwa wa konokono wa bahari wasio na gamba na maandishi yake ya wanyama wa Zanzibar yanatumika mpaka leo. Kwahiyo mtafiti wa Buyu kule Zanzibar au wa Mombasa akitaka kuhakikisha mnyama aliyemtoa Chumbe au Kisite, sampuli ya rejea mara nyingi iko London, Berlin au Massachusetts. Kuazimishwa holotaipu ni kugumu, kupanda ndege ni ghali, picha za mtandaoni zinasaidia ila ukitaka kutazama meno ya konokono picha ya nje haitoshi. Linaniuma hili. Tangu 2014 kuna Itifaki ya Nagoya inayotaka nchi yenye viumbe inufaike na ikubali kabla vitu havijachukuliwa, na sasa ni kawaida mradi wa kigeni kuacha sampuli nyumbani. Ila sampuli ikiachwa nyumbani inataka rafu, spiriti, umeme na mtu. National Museums of Kenya pale Nairobi ina sehemu ya wanyama wasio na uti wa mgongo, na taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar. Msingi upo. Wasomaji wa chupa ndo wachache.

Kwa kijana anayeuliza anaanzia wapi: baiolojia na kemia sekondari, digrii ya zuolojia au sayansi za bahari, Dar es Salaam au Pwani University Kilifi au kwingine, na ukifika hapo usichague bahari yote, chagua kundi. Mtu wa sponji, mtu wa minyoo, mtu wa kamba wadogo. Kundi ambalo halina mtu Afrika Mashariki ndo zuri zaidi kwako, na makundi hayo ni mengi. Masta na PhD karibu hazikwepeki kwa cheo cha mhifadhi, ila wapo wasimamizi wa mkusanyiko na mafundi wa maabara ambao bila wao hakuna kitu kinachokwenda, na hao wanaingia kwa digrii ya kwanza au stashahada. Jifunze kuchora, wanafunzi wanaidharau na wanajuta. Jifunze kusoma Kijerumani au Kifaransa kidogo, maana maelezo mengi ya karne ya 19 hayako kwa Kiingereza, na mengi yamepakiwa bure kwenye Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni.

Ajira ni ngumu, tusidanganyane. Nafasi za wahifadhi hata Ulaya na Marekani zinafunguliwa mtu akistaafu, na wakati mwingine akistaafu hafunguliwi mwingine, pesa ya utafiti unaiandikia maombi mwenyewe na siku nyingi ni ofisini, hadubini na barua pepe, kupiga mbizi ni wiki chache za mwaka. Lakini ujuzi wenyewe unatafutwa nje ya makumbusho: idara za uvuvi, kampuni zinazofanya tathmini ya mazingira kabla ya kujenga bandari au kuchimba gesi, hifadhi za bahari, forodha. Pale kwenye gunia la jongoo waliokauka, anayejua kutoa vile vifungo vya chokaa na kuvisoma ndo anayeamua kama mzigo unaondoka au unabaki, na kwa sasa mara nyingi inabidi asubiriwe atoke mbali.